Kuchoma kware na ndege wadogo wa porini kwa viungo vya Kiasia: chumvi mapema, sukari mwisho

MkaaMwekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu,

Nimesoma maswali mengi ya watu wanaochoma kware, njiwa pori na kwale kwa sosi ya soya, tangawizi na asali, na malalamiko ni yaleyale. Ama ngozi imekuwa nyeusi na chungu huku ndani kuna damu, ama ndani kumeiva ila nyama imekauka haimezeki bila maji. Wengi wanalaumu moto. Mimi nalaumu bakuli. Mambo huharibika saa kadhaa kabla ya kiberiti kuwashwa, pale kila kiungo kinapomwagwa kwa pamoja juu ya ndege kana kwamba vyote vina kazi moja.

Tuanze na ndege mwenyewe. Kware wa kufugwa akishanyonyolewa na kutolewa utumbo hubaki na gramu 120 hadi 200. Kidari chake ni chembamba, joto linafika mfupani ndani ya dakika chache. Njiwa mchanga ana gramu 350 hadi 500. Wa porini hana mafuta chini ya ngozi, na miguu yake imefanya kazi maisha yake yote. Kuku anakusamehe ukichelewa dakika tano, kware hakusamehi hata mbili.

Sasa viungo. Chumvi iliyomo kwenye soya inapenya ndani ya nyama, na ikishapenya inasaidia nyama kushika maji yake inapoiva. Tangawizi, vitunguu saumu na viungo vikavu hubaki karibu na uso hata ukiloweka siku nzima. Sukari na asali nazo hukaa juu zikisubiri moto. Asali ina sukari ya matunda kwa wingi, hivyo hubadilika rangi mapema kuliko sukari nyeupe, na wavu ulio juu ya makaa makali hupita nyuzi 200 bila shida. Ndege aliyelowekwa kwenye asali anawekwa motoni akiwa amevaa kitu kitakachoungua kabla nyama haijapata joto.

Kwa hiyo mimi hugawa kazi mara mbili. Chumvi na harufu huingia mapema, utamu unapakwa mwishoni.

Kwa kware sita (kama gramu 900 kwa jumla):

Soya nyepesi vijiko vikubwa 3, siki ya mchele kijiko kikubwa 1, tangawizi iliyokunwa kijiko kikubwa 1, vitunguu saumu punje 4 zilizopondwa, unga wa viungo vitano wa Kichina nusu kijiko cha chai, pilipili manga nyeupe kidogo, mafuta ya kupikia kijiko kikubwa 1. Usiongeze chumvi. Soya ya kawaida ina chumvi kama asilimia 16, yaani kila kijiko cha mililita 15 kinabeba gramu mbili na nusu hivi. Vijiko vitatu vinakupa chini kidogo ya asilimia moja ya uzito wa ndege, na hicho ndicho kipimo unachokitaka.

Mpasue kware mgongoni kwa mkasi mzito, toa uti wa mgongo, mgeuze, kandamiza kidari kwa kiganja mpaka usikie mfupa ukilia. Akilala bapa, paja na kidari vinaiva karibu sawa. Mloweke saa mbili hadi nne kwenye friji. Kisha mtoe, pangusa viungo vyote vya juu, maana vipande vya vitunguu saumu huungua na kuwa vichungu, halafu mwache kwenye wavu ndani ya friji bila kufunikwa angalau saa moja, ngozi ikauke. Hatua hii watu huiruka, na mimi ningeruka nyingine zote kabla ya hii. Ngozi iliyolowa inatumia joto la kwanza kufukuza maji, na rangi haianzi mpaka maji yaishe.

Makaa yasogeze upande mmoja wa jiko. Muanzishe ndege upande usio na makaa, mifupa ikitazama chini, funika dakika nane hivi. Kisha mhamishe juu ya makaa, ngozi chini, dakika mbili au tatu huku ukimtazama. Sasa ndipo upake mchuzi mtamu: asali vijiko vikubwa 2, soya kijiko 1 na siki kijiko 1, vilivyochemshwa mpaka vikashika mgongo wa kijiko. Paka, geuza, paka tena, toa. Mpumzishe dakika tano. Mafuta ya ufuta uliokaangwa dondoshea hapo mwisho, harufu yake ni laini na moto mkali huipoteza.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu na ndege wengine tunawasubiri.

---

Kifaranga_07

Mkuu umetisha, nimehifadhi uzi. Mimi sina jiko la mkaa, nina oveni tu. Joto ngapi na dakika ngapi?

---

MkaaMwekundu

Oveni inafaa kabisa. Washa nyuzi 220 mpaka ishike joto kweli, na trei iwe ndani tangu mwanzo. Kware aliyepasuliwa huchukua dakika 12 hadi 15 na mchuzi mtamu unapakwa zikiwa zimebaki tatu au nne. Akiwa mzima ni 15 hadi 18. Njiwa mchanga mzima ni 20 hadi 25. Oveni hutofautiana, kwa hiyo amini kipimajoto kuliko saa.

---

Bi_Mchaichai

Ndugu MkaaMwekundu, nakubaliana nawe kuhusu makaa, ila si kila pishi la Asia linakwenda hivyo na nisingependa watu waondoke hapa wakidhani sukari kwenye bakuli ni mwiko.

Wavietnam wana kware wanaoitwa chim cút rô ti. Wanalowekwa kwenye soya au sosi ya samaki, vitunguu saumu, viungo vitano na sukari tangu mwanzo. Kisha wanakaangwa kidogo sufuriani mpaka wapate rangi, halafu yanamiminwa maji ya dafu na wanachemka taratibu bila mfuniko mpaka maji yaishe. Sukari haiungui kwa sababu muda mwingi iko ndani ya maji, na maji yakishakuwepo joto haliwezi kupanda mbali na nyuzi 100. Dakika za mwisho tu ndipo maji yanapokauka, utamu wa dafu na sukari unashika kwenye ngozi, na hapo unawageuza mfululizo bila kuondoka jikoni. Ni kuchoma kwa sufuria. Kwa mtu asiye na oveni wala makaa, hii ndiyo njia ninayompa bila kusita.

Na tafadhali, watu wasisahau mchanganyiko wa kuchovyea: chumvi, pilipili manga iliyotwangwa muda huohuo, ndimu inayokamuliwa mezani. Basi. Ndege aliyepakwa utamu anahitaji uchachu pembeni, la sivyo mla anachoka kwenye ndege wa pili.

---

MkaaMwekundu

> joto haliwezi kupanda mbali na nyuzi 100

Dada yangu, umeieleza vizuri kuliko nilivyofanya mimi. Sheria yangu ni ya moto mkavu. Kwenye maji sukari iko salama. Naomba wasomaji wauchukue mchango huu kama sehemu ya uzi.

---

soya_nyeusi

Mimi naloweka saa 24 na sijawahi kuona tatizo. Saa mbili ni kupaka tu, hakuna kinachoingia.

---

MkaaMwekundu

Mkuu, inategemea unaloweka kwenye nini. Kama soya yako umeipima kwa uzito wa ndege kama nilivyoandika, saa 24 haitamdhuru sana, chumvi itasambaa na itaishia hapo. Lakini watu wengi humzamisha ndege kwenye bakuli lililojaa soya. Kwa kware wa gramu 150 chumvi inaendelea kuingia saa baada ya saa, na asubuhi unakuta nyama imebana na kuwa ngumu kama ya kukaushwa. Kwa kanga wa kilo moja na zaidi, usiku mzima ni sawa. Kware, hapana.

Pia angalia soya yenyewe. Nyepesi ndiyo yenye chumvi zaidi, nyeusi ni nzito, ina rangi na utamu fulani. Ukiweka nyeusi peke yake utapata ndege mweusi asiye na ladha ya kutosha, na hutajua kama ameiva au ameungua. Kijiko kimoja cha chai cha nyeusi kwa ajili ya rangi kinatosha.

---

JikoniKwaMama

Je, papai au nanasi? Nimezoea kulainisha nyama kwa papai bichi.

---

Bi_Mchaichai

Kwa ndege wadogo ningekuomba uache. Papai bichi na nanasi bichi vina vimeng'enya vinavyokata protini, na kwenye kidari chembamba hivi, muda mfupi tu unatosha kugeuza uso wa nyama kuwa uji huku katikati kukiwa vilevile. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya cha aina hiyo. Kijiko kimoja kwa saa chache hakina neno, lakini usimfunike ndege kwa tangawizi usiku kucha. Nanasi la kopo halilainishi, limeshapitishwa kwenye joto na vimeng'enya vimekufa, kwa hiyo ukitaka ladha ya nanasi tu tumia hilo.

---

MzeeWaMarisau

Nimesoma mpaka hapa na nimefurahi. Nyote mnazungumzia zaidi ndege wa kufugwa, niruhusuni niseme kuhusu wa porini, aliyewindwa kwa kibali na kwa msimu wake.

La kwanza ni marisau. Ndege aliyepigwa kwa bunduki ya marisau hubaki na chembe ndani. Kabla ya kuloweka chochote, pitisha ncha ya kidole kwenye kidari chote na mapaja, tafuta vitundu vya rangi ya zambarau. Mara nyingi chembe imeingia na unyoya, na unyoya huo ndio utakaokuonyesha njia. Toa chembe, toa unyoya, na kata nyama yote iliyovilia damu kuizunguka, hata kama inauma kuitupa. Si suala la meno peke yake. Kama marisau ni ya madini ya risasi, vipande vidogo visivyoonekana hubaki kwenye nyama, na asidi huyayeyusha madini hayo zaidi. Siki, ndimu, ukwaju, vyote hivyo ambavyo mapishi ya Kiasia yanavipenda. Kwa ndege aliyepigwa hivyo mimi siweki kitu kichachu kwenye bakuli hata tone, uchachu nauweka mezani. Na watoto wadogo na wajawazito wasipewe kabisa. Atumiaye marisau ya chuma ana nafuu kubwa hapa.

La pili, umri. Shika ncha ya mfupa wa kidari upande wa nyuma, uubinye. Ukipinda kwa urahisi, ndege ni mchanga, mchome. Ukiwa mgumu kama mfupa wa kawaida, ni mzee. Kwa fezanti dume (ndege wa jamii ya kuku) tazama pia kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu: kifupi na butu ni mchanga, kirefu chenye ncha ni mzee. Ndege mzee hakuna kiungo duniani kitakachomfanya afae kwa moto wa dakika kumi. Mpikie kwenye supu.

La tatu, mnyonyoe, usimchune. Najua kuchuna ni haraka. Ngozi ndiyo kinga pekee aliyonayo, na ndiyo inayobeba mchuzi wenu mtamu.

Na moja la pembeni: kware wahamao wanaovuka Mediterania wamejulikana tangu zamani kuwadhuru baadhi ya walaji. Misuli inauma na kuvunjika, na mkojo unakuwa wa rangi nyeusi. Kware wa kufugwa hana shida hiyo. Mwenye kula wale wa porini huko ajue.

---

Kifaranga_07

Shikamoo mzee. Kuhusu ndege mzee, hakuna namna ya kumpata akiwa na ngozi ya kukauka baada ya supu?

---

MzeeWaMarisau

Marahaba. Ipo, nawaachia wanaojua zaidi.

---

Wok_na_Moto

Ipo mzee, na ni pishi la heshima kabisa. Wakantoni wanafanya hivyo kwa njiwa, na wao huchukua njiwa wachanga, lakini kwa ndege mgumu wazo hilohilo linakuokoa, ni kuongeza muda tu.

Unaandaa supu ya kupikia: maji, soya nyepesi na nyeusi kidogo, tangawizi, vitunguu vya majani, anisi nyota, mdalasini, ganda la chungwa lililokaushwa, sukari kidogo. Ichemke nusu saa, kisha mtumbukize ndege mzima, moto mdogo kabisa, maji yatikisike tu. Njiwa mchanga dakika 20 hadi 25. Mzee saa moja au zaidi, mpaka paja likubali kutobolewa kwa kijiti. Hapa chumvi na harufu zinaingia pamoja na ulaini, kwa hiyo huhitaji kuloweka kabisa.

Mtoe, apoe, mpake siki iliyochanganywa na sharubati ya maltosi (asali nyembamba inafaa ukiikosa), mtundike au mweke juu ya wavu mpaka ngozi iwe kavu ukiigusa, kama karatasi. Saa nne, ikibidi usiku mzima kwenye friji. Kisha oveni kali nyuzi 230 kwa dakika nane hadi kumi, au mafuta moto ukimmwagia kwa upawa. Nyama imeshaiva, kazi iliyobaki ni ngozi tu. Ndiyo maana utamu hauna muda wa kuungua, na hapo tunarudi kwenye kanuni ya mwanzisha uzi kwa mlango mwingine.

Supu usiimwage. Ichuje, ichemshe, igandishe. Inaongezewa maji na viungo na kutumika tena, na kila ndege anaiacha nzuri zaidi.

---

soya_nyeusi

Hii ya kutundika nitaifanya. Halafu kuhusu kuiva: kuna wapishi wakubwa wanatoa njiwa kidari chekundu. Nyie mnataka apikwe mpaka wapi?

---

MkaaMwekundu

Nyuzi 74 sehemu nene ya paja, kipimajoto kisiguse mfupa. Hicho ndicho kiwango cha usalama kinachopendekezwa kwa kuku na ndege wengine, na mimi sitamwambia mtu mwingine kwenye jukwaa ashuke chini yake, hasa kwa ndege ambaye hatujui alikoishi wala alivyobebwa baada ya kupigwa. Wanaotoa kidari chekundu wana wauzaji wanaowafahamu na wanabeba dhamana yao.

Lakini niseme hili pia: hofu ya nyuzi 74 inatoka kwa watu waliokula kware asiye na chumvi ndani. Aliyelowekwa kwa kipimo anafika 74 na bado ana maji. Hatari halisi ni 85, na hapo watu wanafika kwa sababu wanasubiri rangi. Ukipaka utamu mwishoni rangi inakuja kwa dakika tatu na huna haja ya kuisubiri.

---

Ndimu_Kali

Wengine hatutumii kilevi. Mapishi mengi ya Kijapani yana mirin (kilevi kitamu cha mchele) na sake (pombe ya mchele). Tunafanyaje?

---

Bi_Mchaichai

Kwenye teriyaki, ule mchuzi mtamu wa soya wa Kijapani, mirin inaleta utamu na mng'ao, sake inalainisha harufu. Utamu na mng'ao utavipata kwa sukari na maji, kijiko kimoja cha sukari kwa vijiko vitatu vya maji, na tone la siki ya mchele. Juisi ya tufaha isiyoongezwa sukari, ikichemshwa ipungue nusu, inafaa zaidi. Kwa harufu, tangawizi inatosha. Usitegemee kwamba kilevi chote kinapaa kikichemshwa, sehemu yake hubaki. Na soma lebo ya soya yako, iliyochachushwa kwa njia ya asili huwa na kilevi kidogo chenyewe, wengine hawajali na wengine wanajali.

---

JikoniKwaMama

Na mtindi? Nimeona kware wa tanduri wa Wahindi, wamelowekwa kwenye mtindi na pilipili nyekundu.

---

Wok_na_Moto

Mtindi ni rafiki mkubwa wa ndege wadogo. Asidi yake ni ya upole kuliko ndimu, na unashikilia viungo usoni. Wahindi huchuna ngozi kwa pishi hili, na hapo pekee ndipo ningempinga Mzee: mtindi unachukua nafasi ya ngozi. Uchuje kwanza kwa kitambaa uwe mzito, vinginevyo unachuruzika kwenye makaa. Changanya na tangawizi na vitunguu saumu vilivyosagwa, bizari, pilipili, chumvi, na unga wa dengu uliokaangwa kidogo ili ushike. Usiweke sukari. Tanduri hupita nyuzi 400, na ndege yuko ndani dakika chache tu. Nyumbani tumia oveni kwenye joto lake la juu kabisa, karibu na moto wa juu.

---

MzeeWaMarisau

Umenipinga kwa hoja, nakubali. Ndege aliyechanika ngozi kwa marisau ndiye nitakayemfanyia mtindi, na ndimu iwe mezani, si ndani.

Ila mtindi nao una asidi. Aliyepigwa kwa madini ya risasi simwekei, ni wa marisau ya chuma tu, na kidole kiwe kimepita kwanza.

---

Kifaranga_07

Nimejaribu kwa oveni kwa kipimo cha post ya kwanza. Ngozi imekaa rangi ya shaba, nyama inatoa maji. Kaka yangu alitafuna mpaka mifupa ya mabawa. Maswali mawili: trei ilitoa moshi mwingi sana nilipopaka mchuzi, na je, yale maji ya kulowekea yaliyobaki naweza kuyatumia kupaka?

---

MkaaMwekundu

Safi sana. Moshi unatokana na mchuzi unaodondoka kwenye trei kavu na kuungua. Weka ndege juu ya wavu na mimina maji robo kikombe kwenye trei chini yake unapoanza kupaka, si mapema, maana mvuke wa mapema unailainisha ngozi uliyoihangaikia.

Maji ya kulowekea yamegusana na nyama mbichi. Usiyapake kwenye ndege aliyeiva kama yalivyo. Yachemshe yatokote kweli kwa dakika kadhaa, yachuje, kisha ongeza asali na upunguze mpaka yawe mazito. Yaonje kabla, kwa sababu yakipungua chumvi inapanda. Yakiwa makali, ongeza tone la siki na maji badala ya asali zaidi.

Na ile mifupa ya mgongo uliyoikata kwa mkasi, kama hukuitupa, iweke sufuriani na tangawizi, vitunguu vya majani na maji ya kuifunika tu. Dakika arobaini. Ukitia tambi na kijiko cha soya una chakula cha kesho.